Mhasibu wa Mdomoni

Simu ya Bi Mosi Mwinshehe ililia juu ya gunia la mdalasini, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Shakila. Huyo Shakila, anayemwandikia Bi Mosi daftari la duka la viungo, alitoka dukani hapo Mafiga jana mchana kwenda kununua chapati, akavuka barabara, na tangu hapo hakuonekana tena. Kwao hakulala. Leo asubuhi namba yake ndiyo inapiga. Mashine ya kusaga viungo imezimwa, lakini vumbi la pilipili manga bado linaelea humo ndani na kuwachoma watu pua.

"Pokea," alisema Sajenti Editha. "Weka sauti kubwa tusikie wote. Na usiulize chochote, mama. Itikia tu."

Bi Mosi alifuta kiganja kwenye kitenge chake, akabonyeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, uko wa..."

Editha alimwinulia kidole. Bi Mosi akameza swali.

"Niko salama, mama. Niko kazini." Sauti ya Shakila ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba. "Kuna hesabu za watu, za mwaka mzima, zinangoja saini yangu. Sasa nimesahau muhuri wangu. Ule niliouacha kwa Bwana Elia. Bila muhuri saini yangu haifai kitu. Naomba uuchukue kwa Elia, mama."

Bi Mosi alikunja uso, kinywa kikafunguka. Editha aliliona neno linakuja, akaliona kabisa likipanda kooni: muhuri gani, wewe una muhuri tangu lini? Akamrukia. Alimfunika mdomo kwa kiganja chote, akambana kichwa kifuani mwake kama mtoto anayeota ndoto mbaya, akamtikisia kichwa taratibu. Hapana. Usiseme.

Kimya kikarefuka upande wa pili.

"Mama? Umenisikia?"

Editha akamwachia. Akamwonyesha simu kwa macho.

"Nimekusikia," alisema Bi Mosi, machozi yanamshuka. "Muhuri wako. Uko kwa Elia. Nitauchukua."

Mtu fulani akashusha pumzi huko aliko. Haikujulikana kama ni Shakila au mwingine. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu mzima aliyezoea kusikilizwa.

"Usiwe na hofu, mama. Mhasibu wako anakula, anakunywa. Akimaliza kazi anarudi. Muhuri ukishaupata utulie nao, nitapiga nikuelekeze. Ila ni leo, kabla ya giza. Kesho hautanifaa, na yeye pia hatanifaa. Na polisi waache na shughuli zao."

Ikakatika.

Bi Mosi alikaa juu ya gunia kama mtu aliyekatwa miguu. "Sasa muhuri gani, afande? Shakila hana muhuri. Shakila anaandika tu. Asubuhi anaandika kilichoingia, jioni kilichotoka, anatoa risiti, basi."

"Wao hawajui hilo," alisema Editha, "na ndiyo maana bado anapumua."

Konstebo Bonifasi, kijana wa kazi aliyesimama mlangoni, alipunguza sauti. "Nimeongea na watu wa mtandao wa simu watuambie namba iko wapi, mama. Wanataka barua kutoka kituoni. Jibu kesho."

"Kesho tumeshaambiwa haitufai," alisema Editha.

Nje, kwenye benchi la mama wa chai, alikuwa amekaa Abdi, dereva wa bodaboda. Majirani wote walikuwa wamemtaja kwa pumzi moja: alimposa Shakila, akakataliwa, na juzi walisikika wakigombana hapo hapo barabarani. Kichwani mwake Bonifasi alikuwa ameshamfunga pingu. Bado za mkononi tu.

Editha aliketi ubavuni kwake, akajipepea na upande wa khanga. Leo hakuvaa sare. Ukimwona ungedhani anangoja wajukuu watoke shule.

"Abdi baba, juzi mligombania nini?"

"Nauli, mama. Nilimpeleka sokoni, akanidai risiti. Bodaboda na risiti wapi na wapi? Nikamwambia wewe huolewi sababu ya risiti zako hizo. Akacheka. Mimi sikucheka." Alifuta pua. "Jana mchana nilikuwa na abiria, mwalimu, nimempeleka hadi Mzumbe. Mpigieni, namba yake hii."

Bonifasi alichukua namba, akasogea pembeni.

"Aliyemchukua anadai mhasibu," alisema Editha. "Wewe unamjua mhasibu wa hapa?"

"Hapa?" Abdi alitazama duka. "Hapa hakuna mhasibu. Kuna Bi Mosi, kuna Shakila."

"Na Shakila mnamwitaje?"

"Dada Risiti. Mtaa mzima. Hata watoto."

Editha akamgeukia mama wa chai. "Eti, mama Upendo, Shakila ni nani hapa?"

"Dada Risiti," alisema mama Upendo bila kuinua macho kwenye karai. "Alinidai risiti ya maandazi mawili, mimi. Nikamwandikia kwenye karatasi ya sukari, akaipokea kwa mikono miwili."

Bonifasi alirudi, akatikisa kichwa. Mwalimu wa Mzumbe alikuwa amethibitisha safari, saa na nauli. Abdi aliachiwa, lakini hakuondoka. Alibaki ameinama, anakunja na kukunjua kamba ya kofia yake ya pikipiki.

Editha akarudi ndani, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, nisikilize vizuri. Mtaani hakuna mtu hata mmoja anayemwita Shakila mhasibu. Dereva hamwiti, mpika maandazi hamwiti. Aliyemchukua anamwita. Kwa hiyo huyo mtu hakulipata neno hilo hapa. Kuna mahali pengine lilisemwa, na kuna mdomo uliolisema. Ni mdomo wa nani?"

Bi Mosi alitazama mikono yake, ya manjano kwa binzari.

"Wangu," alisema.

"Lini?"

"Juma lililopita. Kulikuwa na semina ya sisi wafanyabiashara wadogo, mjini, kwenye ukumbi. Nikaenda na Shakila aniandikie. Mwalimu akauliza, nani humu ana mhasibu? Watu kimya. Mbele yangu kuna mwanamke mwenye mabasi, ana mkufu wenye unene wa kamba ya mbuzi, alikuwa amenidharau tangu chai. Nikasimama, dada. Nikasema, mimi ninaye, huyu hapa. Shakila akanivuta gauni. Nikauondoa mkono wake."

"Baada ya hapo nani alikufuata?"

"Wengi walinipa hongera."

"Hao sitaki. Nani aliuliza kazi yake?"

Bi Mosi akafumba macho. "Mansuri. Yule wa mboga wa Mgeta, mwenye ghala Nyandira. Ndiye kiongozi wa ushirika wao, wafadhili wamewaletea mashine za kukaushia mboga. Akaniuliza, mhasibu wako anatia saini hesabu za mwaka? Nikamwambia, huyu? Huyu anatia saini amefumba macho."

Bonifasi alikuwa ameshatoa kalamu, akasahau kuandika.

Bwana Elia, mhasibu anayezipitia hesabu za Bi Mosi kila mwisho wa mwaka, alikuwa na ofisi mtaa wa pili, chumba kimoja juu ya duka la mabomba. Bonifasi alipanda ngazi akiwa na mashaka yake. Jina la Elia limetajwa na waliomteka, alisema. Mtu hatajwi bure. Editha alimwacha aulize mwenyewe. Elia, mzee mwembamba mwenye kaunda suti, alijibu kwa kutoa tiketi ya basi: jana alikuwa Kilosa kwa mteja, alirudi jioni. Namba ya mteja hiyo hapo. Halafu akaambiwa kilichotokea, akaiweka tiketi mezani.

"Anauomba muhuri wangu," alisema. "Binti ana akili. Mungu wangu, ana akili."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la saba," alisema Editha, "maana ndipo nilipoishia. Yeye na wewe mna tofauti gani? Wote si mnahesabu?"

"Kila mteja wangu ananiuliza hivyo, halafu anataka nipunguze bei." Elia alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Shakila anaandika kilichotokea. Leo yameingia magunia manne ya iliki kutoka Matombo, gunia moja limelowa, limerudishwa. Mimi sijui hayo, sikuwepo. Kazi yake ni ya kila siku, na asipoifanya mimi sina cha kushika. Mimi nakuja mwisho. Nachukua alivyoandika, nauliza: haya yanaingiana? Biashara hii inapanda au inazama na mwenyewe hajui? Serikali inastahili nini? Nikiridhika, natia saini na muhuri. Hapo nimeapa. Ikiwa ni uongo, nafutwa kwenye orodha ya wahasibu, na jela naijua njia yake."

"Kwa hiyo mmoja ana macho hana mdomo," alisema Editha, "mwenzake ana mdomo, na macho ni ya kuazima."

Elia alimtazama. "Hicho ni kitendawili?"

"Nimekitunga sasa hivi. Kujibu umeshajibu wewe."

"Basi ongeza na hili. Bi Mosi alimpa Shakila mdomo wangu siku ya semina. Mtu mwenye hesabu safi hamteki mhasibu, afande, anamlipa. Huyo Mansuri anataka mtu aape uongo. Akijua kwamba binti hawezi kuapa..."

Bonifasi alitazama dirishani. Ule muhuri ulikuwa mezani, wa mviringo, una wino wa bluu ukingoni.

Simu ya Bi Mosi, ambayo Editha alikuwa ameichukua, ikaanza kulia.

Editha hakuipokea. Alimwangalia Elia. "Bi Mosi hayupo hapa, na mimi sauti yangu haiwezi kujibu maswali ya muhuri. Umesema una mdomo."

Elia alilegeza kola ya kaunda suti. Akaipokea.

"Halo. Mimi ni msaidizi wa dada Shakila. Karani wake. Mama amepandwa na presha, amenipa simu." Alisikiliza. Jasho lilimtiririka shavuni. "Ndiyo, ninao. Hapana, mheshimiwa. Kumpa konda wa lori siwezi. Muhuri wa mhasibu ukipotea njiani kazi yote imekufa, na dada ataniachisha kazi. Nitauleta mwenyewe... Nyandira, ndiyo. Peke yangu. Nashukuru, mheshimiwa."

Aliiweka simu mezani taratibu, kama kikombe kilichojaa.

"Miaka yote hii," alisema, "sijawahi kumwita mtu mheshimiwa mara mbili kwa simu moja."

"Unaweza kukataa, Bwana Elia," alisema Editha. "Nakwambia kabisa. Sina haki ya kukupeleka."

"Nikikataa watamkuta ana nini? Mikono mitupu." Akachukua muhuri, akaufunga ndani ya leso.

Elia alipanda gari la abiria. Editha na Bonifasi walitangulia kwa pikapu ya kuazima, yenye matenga matupu nyuma, kama watu wanaokwenda kununua karoti za kupeleka Dar. Kuanzia Mlali barabara iliacha kuwa barabara. Ilikuwa imepasuka katikati kwa mvua, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu, ni hewa, kisha chini kabisa paa za bati ndogo kama sarafu. Kwa simu Editha aliomba askari kituo kidogo cha kule juu. Akaahidiwa wawili, wenye bunduki moja.

Walipofika kwenye matuta ya kabichi ukungu ulianza kushuka. Uliteremka kwenye makorongo bila sauti, ukafunika nyumba, ukafunika watu waliokuwa wakipanda kwa miguu na mizigo kichwani, mpaka mbele ya gari kukabaki upana wa mkeka.

"Kitendawili," alisema Editha.

Bonifasi alikuwa ameng'ang'ania usukani. "Mama, sasa hivi?"

"Nitegee wapi tena, kaburini? Kitendawili."

"Tega."

"Shuka la bibi halifuliwi, likianikwa juani halionekani tena."

"Ukungu." Aliteremsha gia. "Unaogopa, mama?"

"Naogopa sana. Endesha."

Ghala la Mansuri lilikuwa mwisho wa soko, limejengwa kwa mabanzi, nyuma yake mteremko mkali uliojaa migomba na giza la ukungu. Soko lilikuwa limeshapungua. Editha alijitanda khanga kichwani, akapatana bei ya njegere na mwanamke mmoja huku macho yakiwa mlangoni mwa ghala. Wale askari wawili walikuwa wamefika, wamejificha nyuma ya lori lililobeba kabichi. Alimwona Elia akishuka kwenye gari, amekumbatia leso yake. Kijana mpana mwenye koti la mvua alimpokea. Anaitwa Ezekiel, mwanamke wa njegere alisema alipoulizwa. Mpakiaji wa Mansuri, si mtu wa kutania naye. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Editha aliacha njegere. Alizunguka nyuma ya ghala, akashikilia migomba asiteleze, akaweka sikio kwenye nafasi kati ya mbao mbili. Aliweza kuona kipande cha meza, kipande cha taa ya sola, na mkono wa Shakila.

"Shikamoo, bosi," ilisema sauti ya Elia.

Editha alifumba macho. Mwanamume mwenye mvi kumwamkia shikamoo binti ambaye angeweza kumzaa. Hofu ilikuwa imemgeuzia adabu juu chini.

"Haa," alisema Mansuri kwa upole ule ule. "Mzee mzima unamwamkia mtoto? Huko kwenu Mafiga mnaamkiana hivyo?"

Mkono wa Shakila mezani haukusogea.

"Marahaba," alisema Shakila. "Ofisini kwangu hakuna uzee. Umechelewa, Elia. Nilikwambia nini juu ya kuchelewa?"

"Nisamehe, bosi. Ukungu."

Mansuri akacheka. Ezekiel naye akacheka kwa sababu mwenzake amecheka. Editha aliachia pumzi, akainua mkono kumwonyesha Bonifasi kwenye kona: bado. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo la ndani, na Ezekiel alikuwa amesimama karibu na Shakila. Ilibidi asogee kwanza.

"Tia saini, mhasibu," alisema Mansuri. "Ukurasa huu, na huu, na wa mwisho."

"Mashine ya kukaushia imeandikwa hapa ni tatu," alisema Shakila. "Humu ndani naona moja. Risiti za mbili ziko wapi?"

"Hatujafika kwenye risiti. Saini."

"Mzee wangu, mimi bila risiti mkono hauendi. Ndivyo nilivyo. Ukiuliza kwetu watakwambia."

Editha angecheka siku nyingine. Binti alikuwa anavuta muda kwa kamba pekee aliyokuwa nayo, ile ile iliyomkosesha mume.

"Ezekiel," alisema Mansuri, na upole ulikuwa umekwisha, "mpe muhuri, mshike mkono kama hauendi."

Leso ilifunguliwa. Ezekiel alichukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaubandika kwenye karatasi chakavu kujaribu. Akainamia taa. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele.

"Mzee. Hapa pameandikwa Elia. Mhasibu Elia, halafu jina la baba." Akainua kichwa. "Huyu si anaitwa Shakila?"

Editha alichomoa filimbi kifuani. Kupitia ule mwanya aliona mkono wa Ezekiel ukiacha muhuri na kushuka chini ya meza, ukarudi na panga la kukatia mashina ya kabichi.

"Basi huyu binti ni nani?" aliuliza Mansuri.

"Ni karani," alisema Elia. "Anaandika tu. Mhasibu ni mimi. Saini mnayoitaka iko kwenye mkono huu hapa. Mwacheni yeye, njooni kwangu."

Na Ezekiel akamgeukia. Hatua mbili, akazunguka meza, akamwacha Shakila nyuma yake.

Editha alipuliza filimbi mpaka masikio yake yakaziba. Bonifasi na askari mmoja waliingia na mlango wenyewe, komeo na vipande vya mbao. Yule mwingine alifyatua risasi moja juu ya paa. Ezekiel alipiga panga mara moja hewani, likanasa kwenye nguzo, na hakupata nafasi ya kulichomoa. Mansuri hakukimbia. Alikaa kwenye kiti, akaweka viganja vyote viwili mezani, akasema kwamba yeye ni kiongozi wa ushirika na haya yote ni mambo ya ofisi.

Elia alikuwa chini, amekumbatia kichwa chake. Hakuwa ameumia. Bonifasi alimwinua, na mzee akaanza kutapika ukutani, huku akiomba radhi kila anapopumzika.

Editha aliingia akamkuta Shakila bado kwenye kiti. Alivua khanga yake mwenyewe, akamfunika nayo, akamsugua mgongo.

"Kwisha, mwanangu. Bi Mosi anakungoja. Simama polepole. Umeumizwa?"

"Hapana." Shakila alimshika mkono kumzuia. "Mama, usiniondoe kwanza. Kuna kitu."

Alifungua kiganja cha kushoto, ambacho muda wote kilikuwa kimefumbwa chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na miwani ya kusomea. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi, na kioo kimoja kilikuwa na ufa.

"Ya nani hii?"

"Jana jioni, waliponipa haya makaratasi, taa ilikuwa hafifu. Nikasema sioni, ili nipate kuchelewa. Mzee akafungua droo akanipa hii. Akasema nivae."

"Ni yake?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo, mwenye miwani atasomea nini." Shakila alimtazama Mansuri, kisha akaangalia pengine haraka. "Akasema, mwenyewe alikuwa mhasibu wa kweli, lakini mkaidi. Alipewa kalamu akakataa kutia saini. Akasema, vaa tu binti, mwenyewe haihitaji tena."

Elia aligeuka kutoka ukutani, mdomo umelowa. Akainyoosha shingo kuitazama ile miwani, akatazama na ule uzi mweusi, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayetambua mwandiko. "Ni ya mhasibu mwenzangu," alisema.

Editha alimgeukia Mansuri. "Yuko wapi?"

Mansuri alivitazama viganja vyake. Lakini Ezekiel, aliyelazwa kifudifudi na pingu mgongoni, aliinua macho bila kutaka, akatazama mlango mdogo wa nyuma, unaofungukia kwenye mteremko wa migomba.

"Bonifasi," alisema Editha, "niletee tochi."